Mtoto wa Somo la Kwanza

Profesa alilipima jalada kwa viganja viwili, akalirusharusha kidogo hewani, kisha akaliweka mezani bila kulifungua.

"Zito," alisema. "Lakini bubu."

Mama aliyeketi mbele yake alicheka kwa adabu, kicheko cha mtu anayejua ameitwa kusemwa. Jina lake la kazini lilikuwa Mama Bomba. Alipewa na watu wa vitongoji vya nje ya mji, ambako kwa miaka saba alifundisha namna ya kutunza maji ya kunywa, na wao walimpa kwa mapenzi. Wenzake chuoni walilidaka wakalitumia kwa namna yao. Kuna wahadhiri wa kumbi, kuna watafiti, halafu kuna hawa wa huduma kwa jamii, ambao hurudi Ijumaa na matope viatuni na kuulizwa kama safari hii wamepewa kuku.

Alikuwa anaomba kupandishwa cheo kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza kamati iliandika kwamba kazi yake ni njema. Mara ya pili iliandika kwamba ni njema sana. Ukikwama mara ya tatu, mkataba unakatika mwisho wa mwaka, na nyumba ya chuo unaiacha pamoja na funguo zake.

"Umeniandikia ulikwenda wapi na ulifundisha watu wangapi," Profesa alisema. Yeye ndiye aliyepangiwa kumsaidia kuandaa jalada, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Hata mlinzi wa getini anajua waliopita ni wangapi. Kamati itauliza: ulipoondoka, kilibaki nini?"

"Walibaki walimu wa maji. Akina mama wa huko huko, niliwafunza mwenyewe. Wanaendelea bila mimi, mwaka wa pili sasa."

"Basi niletee sauti zao. Masomo matatu, vitongoji vitatu, yarekodiwe kwa simu, yaandikwe, yaingie humu." Hatimaye akalifungua jalada, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. "Na hii hadithi ya somo la kwanza, ya mtoto mwenye kikombe cha kijani. Hii ndiyo roho ya kazi yako. Iandikishe kama kifaa cha kufundishia ulichokibuni. Alama zake peke yake zinakuvusha."

"Sikuibuni, Profesa."

"Uliitoa wapi?"

Mama Bomba aliangalia mikono yake. "Ni mwanangu."

Profesa aliondoa mkono kwenye ukurasa. "Pole sana, mama," alisema, na alimaanisha. Kisha akaugeuza ukurasa umwelekee. "Lakini tazama hapa chini. Kuna visanduku viwili: halisi, na ya kubuni. Tukio halisi halina alama, kwa sababu hakuna mtu aliyelitunga. Ya kubuni inazo. Sikulazimishi. Nakuonyesha mlango tu."

Mama Bomba alitoka ofisini akiwa amelikumbatia jalada, na kwenye ngazi karani alimkumbusha kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba majalada ya mwaka huu ni ya bluu, hilo lake la kijivu ni la mwaka jana, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi.

Nyumbani, kikombe chenyewe kilikaa kwenye kabati la vioo sebuleni, nyuma ya sahani za harusi. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani, na ukingo wake ulikuwa na alama za meno madogo. Hakuna aliyekigusa. Mumewe, mkaguzi wa mizani wa wilaya, mtu wa kuzunguka masokoni na mawe yake ya kupimia kwenye sanduku la mbao, alikuwa hakiangalii hata kwa bahati mbaya. Mtoto huyo alipotajwa, alinyanyuka. Hakukasirika, hakulia. Alikumbuka tu kitu cha kufanya uani. Miaka kumi na mitano alikuwa hajawahi kumtaja, ila kwa jambo moja: alimwita mkewe "mama watoto", wakati mtoto nyumbani alikuwa mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa baadaye.

"Nahitaji kurekodi masomo," Mama Bomba alisema wakati wa chakula. "Somo la kwanza hasa. Lile la—"

"Taa ya uani inapepesa," mumewe alisema, akanyanyuka.

Binti alimfuata kwa macho. "Taa ya uani niliibadilisha mimi juzi," alisema.

"Kula," mama yake akamwambia.

Ni vizuri kueleza hapa hilo somo la kwanza lilivyokuwa, maana Mama Bomba alilitengeneza kwa mikono yake na hakuwa na wa kumlaumu. Mwalimu husimama na kikombe cha kijani. Husema: mwanangu alikuwa na kikombe kama hiki. Husema alikichovya kwenye pipa la maji lililokuwa wazi, kama walivyokuwa wanachovya watu wote nyumbani, na akaugua, na hakupona. Kila jambo kubwa mwalimu analisema na darasa linaitikia mara mbili, ili lisisahaulike. Alipokuwa anawafunza wale akina mama kufundisha, walijaribu kusema "mtoto wa mwalimu wetu mmoja", na watu wakapiga miayo. Akawaagiza wenyewe: msibadilishe neno. Semeni mwanangu.

Wakasema. Na mapipa yakafunikwa vitongoji vyote, upawa wa mpini mrefu ukaning'inizwa juu ya kila pipa, na watoto wakaacha kuharisha. Kazi ilikuwa ya kweli. Hilo hata kamati haikulikataa.

Kitongoji cha kwanza darasa lilikuwa kwenye banda la mabati lenye madirisha yasiyo na vioo. Mwalimu wa maji wa pale alikuwa mshona nguo, mama mnene mwenye macho ya kucheka, aliyekimbia kumpokea mkoba.

"Shikamoo, Mama Bomba! Umekonda."

"Marahaba. Ni chuo hicho kinanikondesha. Fundisha kama kawaida, usinitazame."

Alikaa nyuma, akawasha simu. Mshona nguo akasimama mbele, na pale pale Mama Bomba akainua macho kutoka kwenye simu. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa kushoto. Alikuwa amesafisha koo mara moja, akangoja, akasafisha tena. Zilikuwa namna zake yeye, hata ile ya kushika kikombe kwa vidole vitatu. Alikuwa anajitazama akifundisha, katika mwili wa mtu mwingine.

"Mwanangu alikuwa na kikombe kama hiki," mshona nguo alisema, na machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Darasa likaitikia mara mbili. Somo likaenda, neno kwa neno. Kisha, mahali ambapo lilipaswa kuishia, halikuishia.

"Siku ile ya mwisho," mshona nguo aliendelea, "muuguzi alikuwa anagawa maji ya dawa kitanda kwa kitanda. Akapita kitanda chetu bila kusimama. Mwanangu akainua mkono, akasema: bado mimi."

"Bado mimi," darasa likasema. "Bado mimi."

Kisha mshona nguo akachota maji kwa upawa, akajaza kikombe cha kijani, akakiweka dirishani. Wote wakanywa kwa vikombe vyao. Kile cha dirishani hakuna aliyekigusa.

Mama Bomba alizima simu. Maneno yale hakuyafundisha. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani. Siku ile wodini walikuwa yeye, mumewe, na mtoto aliyenyoosha mkono, na muuguzi alikuwa ameshafika kitanda cha mbali. Alitaka kuuliza, lakini angeulizaje? Angesema, dada, umeyajuaje maneno ya mwanangu? Na huyo dada alikuwa bado anafuta machozi.

"Hicho cha dirishani ni cha nani?" aliuliza tu.

Mshona nguo alimshangaa. "Si chake?"

Jioni ile binti alikaa mezani na vipokea sauti masikioni, akiandika rekodi kwa ajili ya jalada. Mama alikuwa amempa kazi hiyo kwa ahadi ya viatu vipya. Kwa muda mrefu ilisikika kompyuta tu. Kisha binti akavua vipokea sauti.

"Mama. Wanapoitikia, kuna sauti ya mwanamume."

"Ni mwangwi wa mabati."

"Sawa." Hakuridhika. "Na kikombe cha kabatini kina maji."

Mama Bomba alinyanyuka. Alifungua kabati, akasogeza sahani za harusi. Kikombe kilikuwa mahali pake, lakini chini kabisa kulikuwa na tone la maji, duara dogo linalong'aa. Alikigeuza. Tone likateremka likamdondokea kifundo cha mkono, la baridi, kama limechotwa sasa hivi.

"Umekigusa wewe?"

"Mimi? Nakiogopa hicho kikombe tangu mdogo."

Mumewe alikuwa uani. Mama Bomba alikifuta kikombe kwa upindo wa kanga yake, akakirudisha, akafunga kabati kwa ufunguo ambao haukuwa umetumika tangu wahamie nyumba ile. Alijiambia dari linavuja. Haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Kitongoji cha pili kilikuwa mbali zaidi, na mwalimu wake alikuwa kijana wa kike, mwembamba, hajazaa. Hata hivyo alisema mwanangu kwa sauti nzito iliyowanyamazisha hata watoto waliokuwa wanachezea mlangoni. Alisema bado mimi. Halafu akaongeza lake: kwamba mtoto alikuwa na soksi mguu wa kushoto tu, kwa sababu ile ya kulia aliikataa, na alipoikataa hakuna wa kumlazimisha.

Soksi ile ilikuwa ya njano. Mama Bomba aliiona mbele ya macho yake, bila hata kufumba. Alihisi mtoto anajengwa upya mbali na yeye, kitongoji baada ya kitongoji, leo sauti, kesho mguu, na akaogopa kwenda cha tatu, kwa hofu ya kumkuta ameketi mstari wa mbele.

"Hayo ya soksi umeyatoa wapi, mwanangu?" alimuuliza yule kijana baada ya somo.

"Kwa mwenzangu wa kitongoji cha stoo, mama. Yeye ndiye anayajua yote. Sisi tunachukua kwake." Akasita. "Tumekosea? Ulisema tusibadilishe neno, lakini haya si kubadilisha, ni kujaza."

"Hamjakosea," alisema, na hakujua kama anasema kweli.

Kitongoji cha stoo kilikuwa cha tatu katika orodha yake. Kilikuwa kimebaki hicho tu.

Alhamisi jioni alikaa na ule ukurasa wa visanduku viwili. Aliwaza nyumba. Aliwaza shule ya binti, inayolipwa nusu na chuo kwa sababu mama ni wa chuo. Mshahara wa mkaguzi wa mizani ulikuwa wa kununulia chakula na heshima, basi. Na yule mtoto, alijiambia, hahitaji kitu tena. Hawezi kuumizwa na kisanduku. Akashika kalamu, akaweka alama kwenye "ya kubuni", kijistari kisichozidi mguu wa sisimizi, akajisikia kama aliyemfungia mtu nje.

Binti ndiye aliyekuwa anapanga kurasa kwenye jalada jipya la bluu. Alipofika hapo akasimama.

"Mama, hapa umesema kaka hakuwepo."

"Nimesema hadithi nimeitunga. Ni kwa ajili ya alama tu. Bila hizo tunahama, unaelewa?"

"Naelewa." Aliunyoosha ukurasa kwa kiganja. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Na siku ukihitaji alama nyingine, na mimi utaniweka hapo?"

Mama Bomba aliinua macho. Kwenye mlango wa uani alikuwa amesimama mumewe. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Alimtazama mkewe, akatazama ukurasa, akageuka akarudi gizani, na safari hii hakusema taa imefanya nini.

Asubuhi alipoamka, mumewe alikuwa ameshaondoka na sanduku lake la mawe. Kabati la vioo lilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia, na nyuma ya sahani za harusi hapakuwa na kikombe.

Aliendesha gari la idara hadi kitongoji cha stoo akiwa na jalada kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa amelifunga mkanda bila kufikiri, na alipoligundua hilo njiani aliona aibu, lakini hakuufungua.

Stoo yenyewe ilikuwa ghala la nafaka la ushirika, jengo refu lenye mlango mmoja. Mlangoni kulikuwa na mizani kubwa ya jukwaa, na juu yake imebandikwa stika mpya ya ukaguzi, gundi yake haijakauka. Mama Bomba aliitazama stika ile. Aliujua mwandiko wa tarehe. Ulikuwa ule ule ulioandika orodha ya vitu vya dukani kwenye jokofu lake.

Ndani somo lilikuwa limeanza. Mwalimu wa pale, mama mweka hazina wa ushirika, alikuwa amesimama mbele, kichwa kimeinama kushoto, amesafisha koo mara mbili.

"Mwanangu alikuwa na kikombe kama hiki."

"Mwanangu alikuwa na kikombe kama hiki," darasa likaitikia. "Mwanangu alikuwa na kikombe kama hiki." Na chini ya sauti za akina mama, polepole kidogo kuliko wao, ilikuwepo sauti moja ya mwanamume.

Mumewe alikaa benchi la nyuma, sanduku la mawe kati ya miguu, kikombe cha kijani kwenye goti. Kile cha kweli. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

Mama Bomba alibaki mlangoni. Bibi mmoja mwenye mtungi, aliyeketi benchi la karibu na mlango, alimnong'oneza: "Ingia mama, usiogope. Yule baba ni wa hapa. Kila akija kupima mizani lazima akae somo. Ndiye aliyetusahihishia."

"Kuwasahihishia nini?"

"Tulikuwa tunasema mtoto ana miaka minne. Siku hiyo akanyoosha mkono, akasema hapana, miaka mitatu na miezi minane. Akatueleza na mengine. Tukamuuliza umejuaje, akasema yeye kazi yake ni vipimo."

Mama Bomba alicheka. Miaka kumi na mitano ya taa za uani! Alihisi hasira, alihisi huruma, alihisi wivu kwa akina mama hawa wote waliokalishwa chini wakaambiwa habari ya soksi.

Mbele, maji yalichotwa. Mweka hazina alishuka na upawa hadi benchi la nyuma, akajaza kikombe cha kijani kwenye goti la mkaguzi wa mizani kama jambo la kila wiki, akarudi.

"Kuna mwenye swali?" akauliza. Hivyo ndivyo masomo yote yanavyoisha. Mama Bomba mwenyewe alipanga hivyo.

Akanyoosha mkono.

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Mweka hazina alitazama juu, akitafuta kwenye somo alilolishika kwa moyo. Halikuwemo. Aliyelitunga somo alishindwa kulitamka jina hilo siku ya kwanza, akaliacha, na baadaye hakulirudishia. Watu wakatazamana. Wote walikuwa wamelia kwa ajili ya mtoto ambaye hawakujua wamwiteje.

Mumewe aligeuka. Alimwona. Alitazama kikombe, na mkewe alingoja anyanyuke aende nje.

Alinyanyuka. Hakwenda nje. Alisimama wima, akalitaja jina la mwanawe, na likafuatiwa na la kwake mwenyewe, kama majina yanavyoitwa kwenye dirisha la hospitali.

Darasa lilikuwa limezoea. Lilipolisikia likaitikia. Lililisema lote, kwa sauti moja, na bati la ghala likalirudisha. Kisha likalisema tena.

Walisimama nje kando ya mizani. Ilikuwa saa nane, na chuo kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu.

"Ungeniambia," Mama Bomba alisema.

"Nyumbani hayupo, mama watoto. Nilijaribu. Kila nikianza kumtafuta pale naona kabati." Alipangusa ukingo wa kikombe kwa dole gumba, penye alama za meno. "Huku yupo. Huku wanamwachia maji. Hata siku ile kwa mshona nguo nilisimama nje ya dirisha, nikaitikia nao, nikarudi nyumbani na hiki kikiwa na maji."

Mama Bomba alifungua mlango wa gari, akalifungua jalada mkanda, akalilaza juu ya boneti. Akatafuta ule ukurasa. "Nipe kalamu."

Kalamu ya mumewe haikukosekana kamwe mfukoni mwa shati. Alimpa. Alimtazama akikata kile kijistari kwa mstari mmoja, akiweka kingine kwenye "halisi", na pembeni akitia sahihi kama inavyotakiwa kwenye masahihisho.

"Watakunyima," mumewe alisema.

"Wataninyima." Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Bila alama zile jalada halifiki. Mwisho wa mwaka wangekuwa wanafunga sahani za harusi kwenye magazeti, na hajui wanazipeleka wapi. Aliogopa sana. Lakini ukurasa ule sasa binti angeweza kuusoma bila kuuliza kitu.

Mweka hazina alitokea mlangoni, akipangusa mikono, uso umejaa soni. "Mama Bomba, nisamehe. Kumbe ni wenu. Sasa... tuendelee kusema mwanangu, au tuache?"

Mume na mke hawakutazamana. Kundi la pili lilikuwa linaingia, akina mama na madumu yao, mmoja na mtoto mgongoni.

"Endeleeni," Mama Bomba alisema. "Semeni mwanangu. Ila mtajeni."

Mkaguzi wa mizani alinywa nusu ya maji ya kikombe, akampa mkewe nusu. Yalikuwa ya baridi, na safi. Wakaingia kwenye gari, Mama Bomba akaweka ufunguo, lakini hakuwasha. Ndani ya ghala mtu alisafisha koo mara moja, akangoja, akasafisha tena. Walilisikia jina likitajwa, likaitikiwa, likaitikiwa mara ya pili, na ndipo walipoondoka.